Makame na wenzake

Bamvua la wiki iliyopita, zile siku bahari inapojaa na kupwa sana, limenipita. Maji yalikupwa asubuhi mpaka karibu na mwamba, shangazi yangu na wenzake wakashuka kwenye shamba la mwani na kamba na taitai zao, zile nyuzi za kufungia mwani, na mimi niliyeahidi kwenda kupima joto la maji nilikuwa mjini, chumbani, mlango nimeufunga, nahamisha mikato kwenye orodha ya marejeleo. Huu uondoke hapa ukae pale. Nukta hii itoke ndani ya mabano ikae nje. Siku tatu nzima.

Chanzo ni barua pepe ya mistari minne. Jarida tulilolipelekea makala yetu ya mwani (silitaji, bado tuna shida nao) liliirudisha kabla haijafika kwa mhakiki yeyote. Hawakusema utafiti ni mbaya, wala hawakusema ni mzuri. Walisema marejeleo hayafuati mtindo wa jarida, tuyatengeneze halafu tuwasilishe upya. Nikamsomea kwa simu mwenzangu ninayeandika naye. Akacheka mpaka akakohoa. "Dada, mwaka mzima unaliwa na jua, halafu unazuiliwa mlangoni kwa sababu ya nukta!"

Hata mimi siku ile nilikasirika. Sasa hasira zimekwisha, na nikiangalia vizuri naona jarida lilikuwa na haki, na makosa yalikuwa mengi kuliko waliyoyaona wao.

Makala ile ilianza safari kwa ajili ya jarida jingine, linalotumia namba. Chanzo cha kwanza kutajwa ni [1], cha pili [2], na orodha ya mwisho inafuata mpangilio huo huo. Watu wanauita mtindo wa Vancouver, kwa sababu mwaka 1978 wahariri wachache wa majarida ya tiba walikutana kwenye mji huo wa Kanada wakakubaliana miswada iwe na sura moja, mwandishi asilazimike kuipiga upya kila anapobadili jarida. Kwa madaktari ni mtindo mzuri, maandishi yanabaki mepesi na jicho halijikwai kwenye majina. Kwa mtu anayeziandika namba kwa mkono ni adhabu.

Na mimi niliziandika kwa mkono. Naona haya kulisema, kwa kuwa nasimama mbele ya wanafunzi wa mwaka wa tatu nikiwaambia wasifanye hivyo, lakini nilipiga [1] mpaka [64] kwa vidole vyangu, nikamaliza saa saba usiku, nikamtumia msimamizi wangu. Asubuhi akajibu kwa upole wake: "Mwanangu, kazi nzuri. Pale kwenye aya ya pili ya utangulizi ongeza ile ripoti ya warsha." Aya ya pili! Ripoti ikawa [5]. Iliyokuwa [5] ilibidi iwe [6], [6] iwe [7], hivyo hivyo mpaka [64] iwe [65].

Nikasema nitakuwa mjanja. Nikaiambia Word itafute kila [5] iweke [6]. Halafu kila [6] iweke [7]. Halafu kila [7] iweke [8]. Aliyewahi kufanya ujinga huu ameshaanza kucheka. Zile [5] zilizogeuka [6] ziligeuka tena [7] pamoja na [6] za halali, zikaendelea kukokotana kama dema lililokatika kamba, na nilipogutuka nilikuwa nimefika [20], na vyanzo kumi na sita vimeshakuwa kitu kimoja. Unaanzia chini, jamani. Unaanza na 64 unapanda. Lakini hilo nimelijua baadaye, na dawa yenyewe ni kutoziandika namba kabisa.

Ndipo nilipoifungua Zotero, iliyokaa kwenye kompyuta yangu tangu semina moja bila kuguswa. Ni programu ya bure, imetoka mwaka 2006 kwenye Chuo Kikuu cha George Mason kule Virginia, Marekani. Kila chanzo kinakuwa na kadi yake: mwandishi, mwaka, kichwa cha makala, jarida, juzuu, kurasa. Ukiwa ndani ya Word unaichagua kadi, yenyewe inaandika namba, na ukiongeza chanzo aya ya pili namba zote zinajisogeza. Ukitaka kuhama mtindo unachagua kwenye orodha, na orodha hiyo ina mitindo zaidi ya elfu kumi. Nilipoona namba zinajisogeza mara ya kwanza nilipiga kigelegele peke yangu ofisini.

Kigelegele hicho ndicho kilichoniponza. Jarida la kwanza lilipotukataa, la pili likawa linatumia jina la mwandishi na mwaka. Nikachagua mtindo, nikabonyeza, namba 65 zikageuka majina kufumba na kufumbua, nikatuma. Sikusoma. Ningesoma ningewakuta watu wawili ambao hawajawahi kuishi duniani.

Wa kwanza ni "Statistician, O. of C. G." Nilipomwona safari hii nilijiuliza huyu bwana ni nani, Mjerumani? Kumbe ni Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali, pale pale Zanzibar, kwa jina lake la Kiingereza. Programu ilichukua neno la mwisho ikalifanya jina la ukoo, maneno mengine ikayakata yakawa herufi. Wa pili alikuwa mbaya zaidi: "Nations, F. and A. O. of the U." Huyo ni FAO. Shirika zima la Umoja wa Mataifa la chakula na kilimo limepewa jina la ubini kama mwanafunzi wa darasa la kwanza. Dawa ni kitufe kidogo kilichopo pembeni ya sehemu ya jina kwenye kadi, ukikibonyeza visanduku viwili vinakuwa kimoja na taasisi inaachwa na jina lake zima. Sekunde mbili. Lakini lazima mtu aangalie, na mimi sikuangalia.

Kosa jingine lilikuwa la mtindo wenyewe. Jarida liliandika kwenye maelekezo kwamba linatumia Harvard. Mimi nikaandika "Harvard" kwenye kisanduku cha kutafutia, zikaja Harvard nyingi, za chuo hiki na chuo kile, nikachukua ya juu. Nilidhani Harvard ni moja kama Kibla. Kumbe hakuna kitabu kimoja kinachotolewa na Chuo Kikuu cha Harvard kikasema hii ndiyo Harvard. Jina limetokana na mtaalamu wa wanyama aliyefundisha pale, Edward Laurens Mark, ambaye mwaka 1881 aliandika kuhusu koa, yule ndugu wa konokono asiye na gamba, na ndani ya makala akaweka jina la mwandishi na mwaka kwenye mabano. Utaratibu ukapendwa, ukasambaa, na kila chuo na kila mchapishaji akaufanyia marekebisho yake: huku mwaka uko kwenye mabano, kule hauko, huku "na" imeandikwa kwa maneno, kule kwa alama. Yaani siku tatu zangu zimeliwa na koa wa mwaka 1881.

Siku hizi sianzi na maelekezo ya jarida. Nafungua toleo lao jipya kabisa, natafuta rejea tatu: moja ya makala ya jarida, moja ya sura ya kitabu, moja ya ripoti ya serikali au shirika. Nazikodolea macho herufi kwa herufi. Jina la jarida limefupishwa au liko zima? Namba ya toleo iko kwenye mabano? Kati ya kurasa kuna kistari kifupi au kirefu? Zile tatu ndizo sheria. Maelekezo mara nyingi yaliandikwa miaka mingi nyuma na mtu ambaye ameshaacha kazi.

Halafu kuna majina ya mwani, na hapa niseme kosa ambalo jarida halikuliona hata kidogo. Mwani ambao wakulima na wanunuzi wanauita kotonii, wataalamu zamani waliuweka kwenye jenasi ya Eucheuma, na leo jina lake la kisayansi ni Kappaphycus alvarezii. Jina la sokoni likabaki lile la kale. Kwenye rasimu yetu mwenzangu alikuwa ameandika Eucheuma cottonii kila mahali, na mimi, kwa mkono wangu ule ule wa tafuta-ubadilishe, nikalifuta jina la kale nikaweka jipya toka juu mpaka chini. Nikajiona nimesafisha nyumba. Safari hii, nilipokuwa napitia orodha ya marejeleo mstari kwa mstari, nikakuta makala ya zamani yenye neno Kappaphycus kwenye kichwa chake. Nikasema mbona mwaka huo watu walikuwa bado wanaandika Eucheuma? Nikaenda kwenye nakala yenyewe. Kichwa kinasema Eucheuma. Mimi ndiye niliyebadilisha kichwa cha kazi ya mtu. Kilitokea mara nne kwenye orodha, na msomaji ambaye angetafuta makala hizo kwa vichwa nilivyovitunga asingezipata mpaka Kiyama.

Kichwa cha kazi ya mtu hakisahihishwi. Kama jina la mwani limepitwa na wakati, liache limepitwa na wakati. Kama mchapaji alikosea herufi, iache na kosa lake. Kinachoruhusiwa ni herufi kubwa na ndogo kufuata mtindo wa jarida, na majina ya Kilatini kuyalaza, na hata hilo Zotero hailijui yenyewe: ndani ya kadi unaandika <i> kabla ya jina na </i> baada yake, la sivyo Kappaphycus wako atasimama wima kama mlingoti.

Sasa nije kwenye jina langu, ambalo ndilo lililonifanya nikae kuandika hapa.

Mitindo yote hii imetungwa na watu wenye majina ya ukoo. Sisi Unguja mtu ana majina matatu: lake, la baba yake na la babu yake. Jina la mwisho siyo la familia, ni la mzee mmoja aliyeishi. Babu yangu mimi ni Makame. Alikuwa mvuvi wa madema pale Jambiani, alifariki kabla sijaanza skuli, na kitu pekee alichowahi kuandika, kwa nilivyohadithiwa, ni hesabu za samaki kwa mkaa kwenye ukuta wa banda. Leo babu ananukuliwa. Makame na wenzake (2021) wameeleza kuhusu joto la maji kwenye mashamba ya mwani. Makame na wenzake wanashauri kamba zipelekwe kina kirefu zaidi. Mwenyewe angesikia angeuliza hao wenzake ni nani na wanataka samaki gani.

Lakini si hivyo tu. Makala yangu ya kwanza, ya 2018, nilipofika kwenye kisanduku cha jina la mwisho nilimweka baba, Haji, maana niliona yeye ndiye aliyenisomesha. Kwa hiyo kwenye orodha ya makala yetu nimo mara mbili: Haji, M., niko chini ya H, na Makame, M. H., niko chini ya M. Msomaji ataona hao ni watu wawili, tena labda atafikiri Makame anamuunga mkono Haji. Nilitaka kuirekebisha ile ya kwanza ifanane na ya pili. Msimamizi wangu akanizuia: mwandishi anatajwa kwa jina lililochapwa kwenye kazi hiyo, siyo kwa jina analojulikana nyumbani kwao. Ni kanuni ile ile ya Eucheuma.

Upande wa pili kuna kaka yangu. Jina lake nalo linaanza na M, na baba ni mmoja, babu ni mmoja. Yeye ni muuguzi Pemba na aliwahi kushiriki kwenye utafiti wa malaria, wakamweka kwenye orodha ya waandishi: Makame, M. H. Google Scholar, ile huduma ya Google ya kutafutia makala za utafiti, ikatuchanganya, na kwa muda mimi mtu wa mwani nilikuwa na makala ya vyandarua. Watu waliinukuu zaidi kuliko zangu zote, sikuwa na haraka ya kuiondoa. Kilichonitenganisha na kaka ni ORCID, namba ya tarakimu 16 ambayo mtafiti anajisajilia bure tangu huduma hiyo ilipoanza mwaka 2012. Nawaambia wanafunzi wangu: kama kwenu watu wanaitwa Mohamed, Juma, Ali na Khamis, chukueni namba hiyo kabla ya kuandika sentensi ya kwanza, na muamue leo jina la mwisho kwenye fomu litakuwa lipi, msilibadilishe tena hata mkigombana na babu.

Kwenye makala yetu akina Mohamed walikuwa watatu, wawili wakiwa na kazi za mwaka mmoja. Programu iliwaweka (Mohamed, 2015a) na (Mohamed, 2015b), kana kwamba ni mtu mmoja mwenye kazi mbili. Hawajuani! Mmoja ni mwanamke wa Pemba, mwingine ni mzee wa Tanga. Niliwaona ni mtu mmoja kwa sababu kwenye kadi zangu nilikuwa mvivu, wote niliwaandikia herufi ya kwanza tu, na kwa bahati mbaya ilikuwa A. Nilipojaza majina yao kamili herufi ya pili ikawatenganisha, mwandishi akasimama mwenyewe kama anavyostahili. Hata Shaaban Robert hajasalimika na mambo haya: kwenye orodha hii utamkuta chini ya R, kwenye nyingine chini ya S.

Nimeshakuwa mrefu, na bado sijaisema ile ripoti ya warsha.

Ni ripoti ya miaka ya tisini, imechapwa kwa mashine, ikatolewa nakala chache, na karibu kila mtu anayeandika kuhusu mwani wa kwetu anainukuu kwa jambo moja dogo kuhusu kilimo kilivyopokelewa Paje na Jambiani kilipoanza mwaka 1989. Haina DOI, ile anwani ya kudumu inayoanza na 10 ambayo ukiibonyeza inakupeleka kwenye makala hata kama tovuti imehama. DOI nilizokuwa nazo nilizibonyeza zote 41 moja moja, na moja ilinipeleka kwenye makala ya kome wa Norwei. Nilikuwa nimekosea tarakimu. (Mwanafunzi mmoja aliniletea mwezi uliopita orodha aliyotengenezewa na akili mnemba. Rejea kumi, kila moja na DOI yake, mtindo safi kuliko wangu. Nne zilifunguka kwenye makala za mambo mengine kabisa na sita hazikufunguka. Nilimuuliza amezisoma? Akanyamaza.)

Lakini nani mimi wa kumkaripia mtoto wa watu? Ripoti ya warsha sikuwa nimeisoma. Niliitoa kwenye orodha ya makala nyingine, mwandishi wa makala ile naye, nina hakika, aliitoa kwenye orodha ya mtu. Nilikuja kushtuka kwa sababu ya mwaka. Baadhi ya makala zinaitaja kwa mwaka mmoja, nyingine kwa mwaka unaofuata, na mimi ndani ya maandishi nilikuwa na huu na kwenye orodha nina ule. Mtindo wa jina na mwaka hausamehe hilo. Kwa mtindo wa namba lingejificha.

Kwa hiyo siku ya pili niliacha mikato nikaenda kuitafuta. Hapa niseme kidogo kuhusu mahali pa uchapishaji. Mtindo wa APA, yaani wa chama cha wanasaikolojia wa Marekani, ambao mwaka 1929 ulianza kama makala ya kurasa 7 na sasa ni kitabu cha kurasa zaidi ya 400, kwenye toleo lake la saba la 2019 uliacha kudai mji ambao kitabu kimechapwa. Wanasema mtandaoni mji hauna maana. Kwa kitabu cha London sawa. Kwa ripoti kama hii, neno "Zanzibar" lililoandikwa mbele ya jina la mchapishaji ndilo lililoniambia niende maktaba gani. Jarida letu bado linaudai mji, na kwa hilo peke yake nimewasamehe nukta zote.

Mkutubi alinichimbulia fotokopi ya fotokopi, ukurasa wa jalada umeliwa na mchwa upande mmoja. Mwaka ukaeleweka mara moja: warsha ilifanyika mwaka mmoja, ripoti ikachapwa mwaka uliofuata, na unaotakiwa ni mwaka wa kuchapwa. Nikafungua ukurasa ambao sote tunautaja. Jambo letu halikuwepo. Nikafunua mbele na nyuma, nikalikuta kurasa nne baadaye, kwenye muhtasari wa majadiliano ya mchana. Halikuwa matokeo ya utafiti wowote. Ni mstari mmoja na nusu unaosema kwamba mkulima mmoja mwanamke kutoka Jambiani alieleza hivi na hivi. Jina lake hawakuliandika.

Nilikaa pale na ile fotokopi. Miaka yote hii tunaweka majina ya waliohariri ripoti na mwaka kwenye mabano, na kilichomo ndani ya mabano ni maneno ya mwanamke mmoja aliyesimama baada ya chakula cha mchana.

Jioni nikampigia shangazi. Shikamoo, marahaba, mwani vipi, mwani unakuwa mweupe na kukatika kwa joto hili, wewe mbona hukuja? Nikamuuliza kama anaikumbuka warsha ya zamani, ya watu wa mwani, mjini. "Naikumbuka! Tulipelekwa na gari ya wazi. Tukapewa soda." Na nani alisimama akazungumza? Akataja majina matatu, akabishana mwenyewe, akaishia kwa marehemu mmoja, jirani yao. Hana hakika. Mimi siwezi kuandika jina ambalo shahidi mwenyewe hana hakika nalo. Kwa hiyo nimerekebisha ninachoweza: ndani ya maandishi nimesema wazi kwamba ni maelezo ya mkulima yaliyorekodiwa kwenye ripoti, nimeweka ukurasa sahihi, nimeweka mwaka sahihi.

Shangazi mwenyewe namtaja kwenye makala sehemu mbili, kwa mambo aliyoniambia kuhusu miezi ambayo mwani ulikufa mfululizo. Kanuni iko wazi: mawasiliano binafsi yanawekwa ndani ya maandishi tu, kwa mabano, jina na tarehe, na kwenye orodha ya mwisho hayaingii. Nikamsomea yalivyokaa. Akanyamaza kidogo.

"Na kule mwisho, kwenye majina ya watu, mimi nimo?"

Nikamwambia hapana, shangazi, kule wanawekwa wale ambao msomaji anaweza kwenda kuwatafuta akasoma walichosema.

"Asinipate kwa nini? Nipo hapa hapa. Nyumba ya tatu kutoka msikitini, aulize yeyote."

Makala nimeiwasilisha upya Jumapili usiku, nakala moja nikiwa nimezikata rejea zisiongozwe tena na programu, nyingine nimeihifadhi nzima kwa siku watakapoirudisha. Bamvua jingine ni wiki ijayo. Kipima joto nimeshakitia betri.